Skrini ya 4K: Kabla ya kulipa, mnunuzi achunguze kompyuta yake

KATIKA maduka ya vifaa vya elektroniki yaliyojipanga kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi, maandishi "4K" yameenea juu ya maboksi ya skrini za kompyuta jinsi neno "digitali" lilivyoenea mwaka wa 2015, Kenya ilipokuwa ikihama kutoka matangazo ya televisheni ya analogia. Mteja huonyeshwa picha ya ua linalong'aa au samaki wa rangi nyingi, akaambiwa kuwa hatapata skrini bora kuliko hiyo, naye akalipa.

Afikapo nyumbani au ofisini na kuiunganisha na kompyuta yake ya mezani, huenda akakuta mambo asiyoyatarajia. Herufi zimekuwa ndogo kama chembe za mchanga. Kishale cha kipanya kinajikokota nyuma ya mkono. Wakati mwingine kompyuta hukataa kabisa kutoa picha ya 4K, ikatoa ile ile aliyoizoea kwenye skrini yake ya zamani.

Mara nyingi skrini huwa nzima na kompyuta huwa nzima. Kilichokosekana ni maafikiano baina ya vifaa hivyo viwili, na hasara yake si ndogo. Skrini mpya ya 4K yenye ukubwa wa inchi 27 aghalabu hugharimu pesa nyingi kuliko kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ambayo itaunganishwa nayo. Kwa kijana anayeanzisha biashara ya kubuni kadi za harusi, au mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, hizo ni fedha ambazo zingelipa kodi ya chumba cha biashara.

Ndiyo maana anayetafuta skrini yenye picha kali anashauriwa kuanza safari yake nyuma ya kompyuta aliyo nayo, mahali nyaya zinapochomekwa, wala si mbele ya kioo kinachong'aa dukani. Lakini ili afahamu anachokitafuta huko nyuma, sharti kwanza aelewe maana ya tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi.

Maana ya 4K

Picha yoyote ionekanayo kwenye skrini ni mkusanyiko wa nukta ndogo mno za mwanga, ambazo wataalamu huziita pikseli. Kila nukta ina sehemu tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, na kwa kuchanganya nguvu za sehemu hizo ndipo rangi nyingine zote hupatikana. Kadiri nukta zinavyokuwa nyingi, ndivyo picha inavyoweza kuonyesha mambo madogo zaidi.

Skrini nyingi za bei nafuu zilizouzwa mapema katika miaka ya 2010 zilikuwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni moja kwa jumla. Skrini ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, ambazo jumla yake ni 2,073,600. Ile iitwayo QHD ina 2560 kwa 1440, jumla 3,686,400. Nayo 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Hizo ni mara nne kamili ya nukta za Full HD.

Jina 4K latokana na elfu nne, kwa kuwa upana wa skrini hiyo unakaribia nukta 4,000. Kuna wauzaji waitao QHD "2K", na wengine huandika kuwa skrini "inakubali 4K" ilhali kioo chenyewe kina nukta za Full HD tu. Skrini ya aina hiyo hupokea picha ya 4K kisha ikaipunguza kabla ya kuionyesha. Kwa sababu hiyo, ni heri mnunuzi asome tarakimu za nukta halisi za kioo badala ya kutegemea jina. Tarakimu 3840 x 2160 hazina tafsiri mbili.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka wa 2001 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa skrini ya inchi 22.2 yenye nukta 3840 kwa 2400, idadi inayozidi ile ya 4K ya siku hizi. Iliwalenga wanasayansi na wataalamu wa picha za kimatibabu, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Zaidi ya hayo, ilihitaji nyaya kadhaa ili picha yote ifike kwenye kioo kwa kasi ya kuridhisha, kwani wakati huo waya mmoja haukutosha. Tatizo hilo la njia ya kupitishia picha ndilo linalowasumbua wanunuzi hadi leo, ingawa kwa sura nyingine.

Ukubwa wa kioo na umbali wa jicho

Wingi wa nukta peke yake hauelezi picha itakuwa kali kiasi gani. Nukta hizo hizo zikitandazwa juu ya kioo kikubwa zaidi, kila moja huwa kubwa zaidi na picha hufifia. Kipimo kinachofaa ni idadi ya nukta katika kila inchi moja.

Skrini ya Full HD ya inchi 24 ina takriban nukta 92 kwa inchi. Ikinunuliwa Full HD ya inchi 27, idadi hushuka hadi 82, na macho makini huanza kuona ngazi ndogo ndogo kwenye kingo za herufi. QHD ya inchi 27 hufikia 109. 4K ya inchi 32 hufikia 138, na 4K ya inchi 27 hufikia 163.

Hapa ndipo wengi huteleza. Skrini ya QHD ya inchi 32 ina nukta 92 kwa inchi, sawasawa na Full HD ya inchi 24. Anayeacha ile ndogo na kununua kubwa hupata nafasi zaidi ya kutandaza kazi zake, lakini ukali wa herufi haubadiliki hata chembe.

Jicho nalo lina kikomo chake. Jicho lenye uwezo wa kawaida, ambalo madaktari huliandikia 6/6, hutenganisha vitu viwili iwapo pembe baina yao si chini ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Mtu akiketi sentimita 60 kutoka kwenye skrini, kipimo hicho ni sawa na nukta 145 hivi kwa inchi. Akirudi nyuma hadi sentimita 70, zatosha 125 hivi. Kwa hivyo skrini ya 4K ya inchi 27 imekwisha kuvuka kikomo cha jicho la kawaida kwenye meza ya kawaida. Anayeshawishiwa kulipa zaidi ili apate 4K katika kioo kidogo cha inchi 24 ananunua ukali ambao huenda asiuone, isipokuwa awe na macho makali mno au akaribie sana kioo.

Herufi ndogo kama mchanga

Nukta zikiwa ndogo, kila kinachopimwa kwa nukta huwa kidogo pia. Herufi iliyosomeka vyema kwenye Full HD ya inchi 24 hupungua karibu nusu kimo chake ikihamishiwa kwenye 4K ya inchi 27. Mfumo endeshi wa kompyuta hutatua jambo hili kwa kukuza kila kitu kwa asilimia fulani. Katika Windows, mipangilio ya skrini humruhusu mtumiaji kuchagua asilimia 100, 125, 150, 175 au 200.

Matokeo yake ni kwamba skrini ya 4K ya inchi 27 iliyokuzwa kwa asilimia 150 huwa na nafasi ya kazi sawa na ile ya QHD, yaani 2560 kwa 1440. Anachopata mtumiaji kwa pesa alizoongeza ni herufi laini zaidi, zinazokaribia zile za kitabu kilichochapishwa vizuri. Kwa anayesoma na kuandika mchana kutwa, kama vile mfasiri, mhariri au wakili, faida hiyo ni ya kweli. Kwa mhasibu anayetaka safu nyingi zaidi za lahajedwali zionekane kwa pamoja, inchi 32 zingemfaa kuliko 27, maana hapo asilimia 125 hutosha kwa macho ya wengi.

Hata hivyo, programu za zamani hazikuundwa kwa ukuzaji wa aina hii. Baadhi ya programu za uhasibu na za kusimamia maduka huonekana na ukungu, ama vitufe vyake hubaki vidogo mno. Ofisi inayotegemea programu moja ya zamani yafaa iijaribu kwanza kwenye skrini ya 4K iliyoazimwa kabla ya kuagiza skrini kumi.

Bomba jembamba

Baada ya kioo na jicho, swali linalobaki ni iwapo kompyuta ina uwezo wa kutuma nukta hizo zote. Hali hii yafanana na tangi la maji na bomba. Tangi lingawa limejaa pomoni, bomba likiwa jembamba, maji yatakayotoka mferejini ni machache.

Skrini ya kawaida hupokea picha mpya mara 60 kwa kila sekunde. Katika 4K, kila picha ina nukta zaidi ya milioni nane, na kila nukta huelezwa kwa biti 24. Ukizidisha, utapata karibu gigabiti 12 kila sekunde, bila kuhesabu taarifa nyingine zinazosafiri pamoja na picha. Full HD huhitaji robo tu ya kiasi hicho.

Tundu la VGA, ambalo IBM ililianzisha mwaka wa 1987 na ambalo bado limo katika kompyuta nyingi, halifai kwa kazi hii. HDMI ya toleo la 1.4, la mwaka wa 2009, hupitisha gigabiti 10.2 tu, kwa hivyo 4K hupita humo mara 30 kwa sekunde badala ya 60. Toleo la 2.0, lililotolewa mwaka wa 2013, hupitisha gigabiti 18 na hufikisha mara 60. DisplayPort ya toleo la 1.2, iliyotolewa mwaka wa 2010, hupitisha gigabiti 21.6, na hivyo hutosheleza 4K bila taabu.

Tofauti ya 30 na 60 haionekani katika picha iliyotulia. Mtu anaweza kusimama dukani akitazama picha ya ua kwa dakika tano asigundue lolote. Huonekana mara tu anaposogeza kipanya, anapoteremsha ukurasa au anapohamisha dirisha la programu, ambapo vitu huruka-ruka badala ya kuteleza. Anayefanya kazi saa nane kwa siku huchoshwa na hali hiyo, hata asipojua sababu yake.

Suala hili lawahusu sana Wakenya kwa kuwa kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa nchini zilitumiwa kwanza katika ofisi za ng'ambo. Miongoni mwazo ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Nyingi hazina kadi ya picha ya kando, bali hutegemea sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa ya Intel.

Umri wa prosesa hiyo hutambulika kwa nambari yake. Ikiwa ni i5-3470, tarakimu ya kwanza baada ya kistari yaonyesha kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka wa 2012. Kikomo rasmi cha kizazi hicho ni nukta 2560 kwa 1600, kupitia DisplayPort. Mwenye kompyuta hiyo akinunua skrini ya 4K, hataiona 4K. Ikiwa ni i5-4590, hicho ni kizazi cha nne, kilichoanza mwaka wa 2013, nacho hutoa 4K mara 60 kwa sekunde kupitia DisplayPort. Kupitia HDMI, hakizidi mara 30.

Kuna mtego mwingine. Kompyuta nyingi za ofisi za miaka hiyo zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na hazina HDMI kabisa. Mteja asiyelifahamu tundu la DisplayPort huambiwa anunue adapta ndogo ya kuligeuza liwe HDMI. Adapta nyingi za bei ya chini huifanya njia pana kuwa nyembamba, zikairudisha picha kwenye mara 30 au hata kwenye Full HD. Waya wa DisplayPort wa moja kwa moja, kutoka kompyuta hadi skrini, ungalimwondolea usumbufu huo. Tundu la DisplayPort hutambulika kwa kona yake moja iliyokatwa, ilhali la HDMI limepunguzwa pande zote mbili za chini.

Ambaye kompyuta yake haina uwezo huo si lazima aitupe. Kadi ndogo ya picha kama GeForce GT 1030, iliyotoka mwaka wa 2017, ina HDMI ya toleo la 2.0 na hutumia umeme mchache, hivyo haihitaji waya wa ziada wa umeme ndani ya kompyuta. Jambo la kuangalia ni kimo cha kadi, kwa sababu kompyuta zenye kasha jembamba hukubali kadi fupi pekee. Bei ya kadi hiyo yapasa kuhesabiwa kama sehemu ya bei ya skrini.

Wapenzi wa michezo ya kompyuta wana hesabu yao tofauti. Kompyuta hulazimika kukokotoa nukta mara nne zaidi katika 4K kuliko katika Full HD, na kadi zinazoweza kufanya hivyo kwa michezo ya kisasa ni ghali mno. Kwa wengi wao, skrini ya QHD au Full HD inayochora picha zaidi ya mara 60 kwa sekunde huleta raha kubwa kuliko 4K.

Televisheni badala ya skrini

Baadhi ya wanunuzi hulinganisha bei na kuona kuwa televisheni ya 4K ya inchi 43 yaweza kununuliwa kwa pesa zinazokaribia zile za skrini ya inchi 27. Televisheni hiyo ina takriban nukta 102 kwa inchi, kiwango ambacho si kibaya.

Lakini televisheni hutengenezwa kwa ajili ya filamu na soka, zikitazamwa kutoka upande wa pili wa sebule. Nyingi hupunguza taarifa za rangi ili picha ipite kwa urahisi. Hilo halionekani katika filamu, lakini huzifanya herufi nyekundu au za buluu kuwa na kingo zilizochafuka. Aidha, hurembesha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchelewesha kishale cha kipanya. Nyingine huwa na mpangilio maalumu wa kompyuta au wa michezo unaopunguza kasoro hizo, na mnunuzi anapaswa kuutafuta kwanza. Isitoshe, kioo cha inchi 43 kikiwekwa sentimita 60 kutoka usoni humlazimisha mtu kugeuza shingo kutwa nzima.

Njia ya tatu, inayosahaulika, ni kununua skrini mbili za Full HD za inchi 24. Kwa pamoja zina nukta 4,147,200, ambazo ni nyingi kuliko za QHD, na hata kompyuta kuukuu za ofisi huweza kuziendesha. Kwa karani anayenakili takwimu kutoka hati moja hadi nyingine, skrini mbili za kawaida huenda zikamsaidia kuliko moja ya kifahari.

Rangi na aina ya kioo

Vioo vya TN ndivyo vya bei ya chini, na rangi zake hubadilika mtazamaji anaposogea upande. VA huonyesha weusi uliokolea. IPS hudumisha rangi hata ikitazamwa kutoka pembeni, na ndicho kioo kinachopendekezwa kwa kazi za ofisi na za usanifu. OLED ina weusi kamili na rangi za kuvutia, lakini vitu vinavyokaa mahali pamoja muda mrefu, kama utepe wa programu ulio chini ya skrini, vyaweza kuacha alama ya kudumu.

Kwa wanaobuni mabango, kadi na vitabu, usahihi wa rangi una uzito kuliko wingi wa nukta. Skrini yafaa ionyeshe karibu asilimia 100 ya kiwango cha rangi kiitwacho sRGB, kilichowekwa mwaka wa 1996. Skrini ya 4K isiyofikia hapo humwonyesha msanifu rangi iliyofifia, naye akaikoleza, kisha mteja akapokea kadi elfu moja zenye wekundu uliopindukia. Hata kwa skrini bora, wino wa mashine hauwezi kutoa kila rangi iletwayo na mwanga, kwa hivyo nakala ya majaribio kabla ya kuchapisha haiepukiki.

Neno HDR nalo lisimbabaishe mnunuzi. Skrini nyingi zinazoandikwa hivyo hupokea picha za aina hiyo lakini hazina mwangaza wa kuzionyesha ipasavyo. Tangu mwaka wa 2017, shirika la VESA hutoa nembo za DisplayHDR kwa skrini zilizopimwa, na kiwango chake cha chini ni 400.

Macho na umeme

Herufi kali humpunguzia msomaji kazi ya kukaza macho, lakini skrini ya 4K si dawa. Macho hukauka kwa sababu mtu anapokodolea skrini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Madaktari wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Skrini yapasa kuwa umbali wa takriban mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Katika vyumba vyenye madirisha makubwa, kioo kisichong'aa chafaa zaidi, kwani hakirudishi mwanga wa jua usoni.

Kuhusu umeme, skrini ya 4K ya inchi 27 inayotumia wati 40 ikiwashwa saa nane kwa siku 22 za kazi hula yuniti saba hivi kwa mwezi. Full HD ya inchi 24 inayotumia wati 20 hula nusu ya hizo. Tofauti hiyo si kubwa kwa mtu mmoja. Hatari kubwa zaidi ni umeme kupotea na kurudi ghafla kwa nguvu nyingi, na kifaa cha kukinga mitambo dhidi ya hali hiyo chagharimu kidogo kikilinganishwa na skrini iliyoungua.

Haki ya mnunuzi dukani

Wahenga walisema kuwa mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mnunuzi anayefahamu kompyuta yake huwa vigumu kumhadaa. Afikapo dukani, anapaswa kuwa na karatasi yenye mambo matatu: nambari ya prosesa au ya kadi yake ya picha, aina ya matundu yaliyo nyuma ya kompyuta, na umbali kutoka macho yake hadi mahali skrini itakapokaa. Bora zaidi, abebe kompyuta yenyewe iwapo anaweza.

Skrini iwashwe mbele yake. Iwekwe rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, ili nukta zilizokufa zijitokeze. Watengenezaji wengi hawabadilishi skrini kwa sababu ya nukta moja au mbili mbovu, kwa hivyo ni afadhali kasoro hiyo igunduliwe kabla ya malipo. Kisha, katika mipangilio ya skrini, ahakikishe kuwa imeandikwa 3840 x 2160 na 60 Hz. Asogeze dirisha la programu huku na huku kwa muda, kisha afungue ukurasa wa maandishi na kuusoma akiwa ameketi, si akiwa amesimama.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 champa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka wa 2012 ilipitishwa ili kuzitia nguvu haki hizo. Mnunuzi aombe risiti inayotaja muundo wa skrini, wingi wa nukta zake na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "skrini moja" pekee haitamsaidia mzozo ukizuka.

Kwa muhtasari, mwenye kompyuta ya kizazi cha tatu atosheke na Full HD au QHD hadi atakapobadilisha kompyuta au kuiongezea kadi ya picha. Mwenye kompyuta ya kizazi cha nne au baadaye aweza kununua 4K ya inchi 27 au 32, mradi awe na tundu la DisplayPort na waya wake, au HDMI ya toleo la 2.0. Mwenye bajeti finyu na kazi za kawaida hatakuwa amekosea akinunua Full HD ya inchi 24 yenye kioo cha IPS.

Muuzaji anayejua kazi yake ataweza kujibu maswali haya yote bila kukasirika. Yule anayejibu tu kwamba "hii ni 4K, ni nzuri" bado hajaeleza anachouza, na mnunuzi ana kila sababu ya kuzibakiza pesa zake mfukoni na kuelekea duka la pili.